Harusi Yangu na Mtaro wa Jirani

 

Nimepokea masuali mengi kuhusu shughuli: rangi za mapambo, singo ianze lini, hina ipakwe siku gani ili isipauke. Inshaallah nitayajibu yote. Leo lakini nataka kuzungumza jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye daftari la bi harusi yeyote, na halikuwamo kwenye langu. Nataka kuzungumza juu ya mtaro. Najua, shoga yangu, unajiuliza mtaro na harusi wapi na wapi. Na mimi ningeuliza hivyo hivyo, mpaka siku niliyoliona jina langu likielea chumbani kwa mtu.

Kwetu ni Ng'ambo, hapa Unguja mjini. Wageni wakija hupelekwa Mji Mkongwe kupiga picha milango, na wana haki, kwani tangu mwaka 2000 mji ule umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini wengi wetu tunaishi upande huu wa pili. Zamani baina ya pande mbili hizi palikuwa na mkono wa bahari, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo maana soko letu likaitwa Darajani, na sisi tukawa watu wa ng'ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa, zikajengwa barabara na nyumba. Ila maji ya mvua hayakuambiwa. Ikifika masika bado yanatafuta mabonde yao ya zamani, na yakikuta nyumba yanaingia.

Uchochoro wetu ni mwembamba, watu wawili wakipishana mmoja lazima ajibane ukutani. Pembeni mwake kuna mtaro wa saruji unaopokea maji ya mapaa yote. Unateremka mpaka kwenye mtaro mkubwa wa barabarani, na ule mkubwa unakwenda kumwaga baharini. Nyumba ya mwisho, ya chini kuliko zote, anakaa bibi mmoja mjane. Sote tunamwita Bi Mkubwa.

Tangu nikiwa mdogo, kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nikisikia ufagio wake wa chelewa. Alianzia mlangoni kwake, akapanda na uchochoro mpaka kwetu, akarudi akiinama mtaroni anatoa majani, makopo na mifuko, anatia kwenye pakacha. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Nasema kweli, hakuna hata aliyemshukuru. Mimi nilikuwa nikijivunia kwamba mtaa wetu ni msafi, kama kwamba usafi ule uliota wenyewe.

Lebo za dhahabu

Niliolewa mwezi wa Februari, miaka mitatu iliyopita. Mume wangu ni mtoto wa mtaa huo huo, nyumba nne tu kutoka kwetu, kwa hiyo shughuli ilikuwa moja ya watu wa pande zote mbili. Tulifunga turubali uwanjani. Kulikuwa na maulidi, kulikuwa na siku ya hina, kulikuwa na siku ya kumtoa bi harusi, na kwa hesabu ya shangazi yangu waliokula hawakupungua watu mia nne.

Siku hizo mtindo wa chupa za maji zenye lebo ya maharusi ndio kwanza umepamba moto. Nikasema na mimi sipitwi. Tuliagiza chupa ndogo elfu moja, kila moja ikabandikwa karatasi nyeupe yenye maua ya dhahabu, jina la mume wangu kulia, langu kushoto, na tarehe chini. Chakula kikatiwa kwenye viboksi vya plastiki vyenye mfuniko, kila mtu na chake, na kijiko chake cha kutupa. Zawadi za wageni, ubani kidogo na halua, zikatiwa kwenye vijifuko vinavyong'ara. Nilipoona vyote vimepangwa juu ya meza nililia kwa furaha. Sijutii furaha ile. Ndoa ni neema, na kuitangaza ni katika mafundisho yetu.

Usiku wa mwisho vijana walikusanya taka wakajaza mapolo, wakayaweka mwisho wa uchochoro yasubiri gari. Siku mbili gari halijapita. Siku ya tatu kunguru walikuwa wameshayatoboa, paka wamemaliza kazi, na watoto wanachezea chupa mpira. Mimi nilikuwa ndani, bi harusi mpya, nanukia udi na asumini, sina habari.

Kitu chengine ambacho sikuwa na habari nacho: ule ufagio wa alfajiri ulikuwa umenyamaza. Bi Mkubwa aliumwa na magoti, tangu Januari hawezi kuinama. Nyumba zaidi ya ishirini kwenye uchochoro ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbona hatuusikii.

Usiku wa mvua

Masika yalianza kawaida, mvua za kuja na kuondoka. Halafu ikaja usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mvua ikapiga tangu baada ya Isha bila kupumua. Kabla ya alfajiri tulisikia mtu anagonga kwa nguvu. Alikuwa mjukuu wa Bi Mkubwa, kijana wa skuli, maji yanamtiririka.

"Dada, njooni mumsaidie bibi. Maji yameshafika kitandani."

Mume wangu alitangulia, nami nikajitanda kanga nikamfuata. Uchochoro ulikuwa mto. Nilipoingia chumbani kwa Bi Mkubwa maji yalinifika magotini, meusi, yana harufu ya choo. Yeye amekaa juu ya kitanda na msahafu wake kifuani, anavuta uradi. Magodoro mawili yamelowa, mchele umelowa, mkeka unaelea. Na baina ya vitu vyake vile, taratibu kama zinatembea, zinaelea chupa. Tatu, nne, sita. Mume wangu alimulika kwa simu. Lebo zilikuwa zimechakaa lakini dhahabu bado inasomeka. Jina lake kulia, langu kushoto.

Hakuna aliyesema kitu. Mume wangu aliziokota, akazitoa nje.

Mvua ilipokatika, vijana waliushindilia mti ndani ya mtaro wakakuta mdomo wake, pale unapoingia mtaro mkubwa, umezibwa kama kwa kizibo. Vikatoka viboksi vya chakula vilivyoshikana, mifuko, pampasi, na chupa. Si zote zilikuwa zangu. Mtaa mzima ulichangia. Lakini zangu ndizo zilizokuwa na jina.

Asubuhi tulitoa vitu vya Bi Mkubwa juani. Ndani ya kasha lake, chini kabisa, mlikuwa na furushi jeupe. Nikalifungua nilianike, nikajua ni kitu gani. Ilikuwa sanda yake. Mwanawe alimletea alipokwenda Hija, aliichovya kwenye maji ya Zamzam, na yeye aliikunja akaihifadhi miaka yote ile akisubiri siku yake. Sasa ina michirizi ya tope la mtaroni.

Nilishindwa kuinua uso. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, nisamehe. Zile chupa zilikuwa zangu."

Akasema, "Nimeziona, mwanangu. Jina lako nalijua kulisoma." Halafu akacheka kidogo. "Ifue tu. Nguo hutakata. Mimi sina haraka nayo."

Niliifua mara saba. Mara ya mwisho nilitia maji ya waridi, kisha nikaianika ndani ili isiguswe na vumbi. Wiki kadhaa tu kabla yake nilikuwa nikiwasimamia watu waninyooshee shela langu la harusi lisiwe na hata kunyanzi moja.

Nilianza kwa makosa

Ningependa kukwambieni kwamba tangu siku hiyo nikawa shujaa wa mazingira. Haikuwa hivyo. Kwanza niliogopa. Watu wazima wanakumbuka kipindupindu kilichotusumbua mwaka 2015 na 2016, na maji ya mtaro yakiingia majumbani na visimani ndiyo njia yake. Na maji yanayobaki yamesimama kwenye chupa na makopo, hata kiasi cha kiganja, mbu anayeeneza homa ya dengi anayatosha kutagia mayai. Nikawa na hofu, na hofu ikanifanya mkali.

Nikapiga picha za mtaro, nikazitia kwenye kundi la simu la akina mama wa mtaa, na maneno marefu chini yake. Nikasema watu hawana haya. Nikasema Uislamu ni usafi, nyinyi mnasali na huku mnatupa taka. Dada zangu, ilikuwa vita. Mmoja akaniuliza kama zile chupa zenye majina zilitupwa na nani. Mwengine akatoka kwenye kundi. Mama mkwe wangu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba mwari wa miezi miwili hasomeshi mtaa.

Nilikwenda kwa Bi Mkubwa kulalamika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyooshea mkono pembeni ya mlango. Ufagio wake wa chelewa ulikuwa umesimama pale pale.

"Chukua. Anzia mlangoni kwako, uteremke. Na usiseme neno."

Nikaanza. Kila siku baada ya alfajiri, nimevaa baibui langu la zamani, viatu vya mpira na glavu za kuoshea vyombo. Wiki ya kwanza mgongo uliniuma. Wiki ya pili nikaona haya, maana wapitao kwenda kazini walinitazama kama nimerukwa na akili. Wiki ya tatu mtoto wa jirani, wa darasa la pili, alikuja na kijifagio chake bila kuulizwa. Siku ya pili yake wakaja wanne. Mama mtu akaja kumfuata mwanawe, akasimama, akasema, "Mbona unamwachia mtoto pale pachafu, nipe mimi." Akashika jembe. Alikuwa ni yule yule aliyetoka kwenye kundi.

Niliwahi kusoma mara nyingi kisa cha yule bibi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Alipofariki Masahaba walimzika bila ya kumpa Mtume habari, kwa kuona jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akamuulizia, akasikitika kwa kutoarifiwa, akataka aoneshwe kaburi lake, akenda kumsalia. Nilikuwa nikikisoma kisa kile kama kisa cha msikiti. Nilipokuwa nimeinama mtaroni ndipo nilipokielewa vyengine. Mtume alimkosa. Aliona kwamba mtu aliyekuwa akifagia hayupo. Sisi hatukumuona wetu aliyekosekana, na alikuwa hai, nyumba ya mwisho.

Tuliyoyatoa mtaroni

Baada ya Ramadhani tulikuwa wanawake kumi na moja. Tuliweka siku: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na kabla ya masika na vuli kila Jumamosi. Vijana wa maskani walikubali kufukua pale pazito kwa sharti la chai na mandazi. Sheha wetu, Allah amlipe, alitutafutia majembe na kigari, na akatupeleka kuandikisha malalamiko yetu ili taka zikikusanywa zichukuliwe kwa siku inayojulikana.

Siku ya kwanza tulijaza mapolo kumi na nne. Tukayamwaga juu ya turubali na kuyapambanua, kwa sababu nilitaka tujue adui yetu ni nani. Chupa za maji na soda ndizo zilizokuwa nyingi. Viboksi vya chakula vikafuata. Halafu pampasi, na hapa niseme bila ya kufichana, maana hili ni letu sisi wanawake. Pampasi ikilowa inavimba na kuwa kama tofali. Kina mama wanazitupa usiku kwa sababu wanaona haya kuziweka nje mchana. Hatukumsema mtu. Tulitafuta pipa lenye mfuniko, tukaliweka penye giza kidogo, na zamu ya kulitoa ikawa ya wenye watoto. Tangu hapo hatuzikuti tena mtaroni kwa wingi ule.

Mifuko ya plastiki ilikuwa michache kuliko nilivyodhani, na hilo lilinipa moyo. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Tanzania Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Nakumbuka mama yangu alivyonung'unika, halafu akatoa kikapu cha ukili cha bibi yake juu ya kabati akaendea sokoni. Leo ukimpa mfuko anauliza wa nini. Kumbe watu tunaweza kubadilika, na mara nyengine kubadilika kwenyewe ni kurudi pale tulipokuwa.

Chupa safi tunamuuzia mkusanyaji anayenunua kwa kilo. Si fedha ya kutajirika, lakini inanunua glavu na mafagio. Na hatuchomi. Zamani tulikuwa tukirundika na kutia kiberiti. Moshi wa plastiki ni sumu kwa kifua, na mtaa wetu una watoto wenye pumu.

Sinia za wakfu

Kufagia kulitufunza kitu: kila baada ya shughuli mtaani, mapolo yalizidi maradufu. Tungefagia mpaka Kiyama kama hatugusi harusi. Na Mtume ametufunza kwamba kuondoa njiani kinachowaudhi watu ni sadaka, na ni katika matawi ya imani. Basi nikajiuliza, na asiyekiweka njiani tangu mwanzo?

Zamani hapa kwetu watu walikula kwenye sinia. Watu wanne watano, sinia moja ya pilau au biriani, birika na beseni la kunawia linapita, mnakula pamoja kwa mkono, na baraka inashuka. Kila mtaa ulikuwa na masinia yake. Yetu yalikwenda wapi, hakuna aliyejua.

Tulikuwa na mchezo wa kuwekeana fedha kila mwezi. Tukakubaliana raundi moja isichukuliwe na mtu, ikanunue vyombo. Tukanunua masinia themanini, magilasi, majagi, na madumu makubwa ya maji yenye bomba. Bi Mkubwa ndiye aliyesema, "Viwe wakfu." Akatukumbusha Sayyidna Uthman, radhi za Allah zimfikie, alivyokinunua kisima cha Ruma Madina akawaachia Waislamu wanywe. "Nyinyi hamna kisima," akasema, "mna masinia." Kwa hiyo havikodishwi. Anayetaka anachukua, anarudisha vimeoshwa na vimekamilika, na akipenda anaongeza kimoja.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa shangazi yangu, na hapo ndipo pagumu. Shangazi hakutaka kusikia.

"Mimi nina mtoto wa kike mmoja. Watu waje wakute masinia ya mtaa? Watasema tumefilisika."

"Shangazi, wewe uliolewa kwa nini?"

"Mimi niliolewa zamani."

"Watu walikula kwenye nini?"

Akanyamaza. Baadae akasema, "Masinia. Na babu yako alichinja ng'ombe wawili." Akaanza kunihadithia nani alikaa na nani, nani aligombania mnofu, mpaka akacheka machozi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila sinia lifunikwe kawa jipya la rangi. Tukaagiza makawa kwa wasukaji wa shamba. Siku ya shughuli wageni walipiga picha makawa kuliko keki, na shangazi akatembea uwanjani kama yeye ndiye aliyebuni.

Lakini siwadanganyi kwamba yote yalikwenda sawa. Magilasi yalipungua, watu wakasubiriana. Na usiku, wageni walipoondoka, tulibaki wanawake sita na mlima wa vyombo mpaka saa nane za usiku, mikono imekunjamana. Mmoja akasema, "Mnajua kwa nini tuliacha masinia? Ndio hii." Na alisema kweli. Plastiki haikuja kwa sababu ya ujinga wetu. Ilikuja kwa sababu ilimpumzisha mwanamke aliyeachiwa aoshe peke yake huku wengine wamelala. Kama tunataka kuiacha, basi mzigo ule usirudi kwake.

Tangu hapo tumeweka masharti. Mwenye shughuli atenge fedha ya waoshaji, na kina mama wanaohitaji kipato wanaifanya kazi ile kwa ujira wa haki. Kubeba maji na masinia ni kazi ya vijana wa kiume wa familia. Mara ya kwanza walicheka. Bwana harusi mmoja alipokunja kanzu akabeba, kicheko kiliisha.

Masika yaliyofuata

Mwaka uliofuata mvua ilipiga tena usiku. Sikulala. Saa tisa nilitoka na tochi nikamkuta jirani yangu ameshafika, na wa pili, na mjukuu wa Bi Mkubwa. Tukasimama tunaangalia. Maji yalipanda mpaka kwenye kizingiti chake, yakasimama hapo, kisha tukayaona yanashuka, yanazunguka kwenye mdomo wa mtaro na kuingia. Ndani hayakuingia. Yeye hata hakuamka.

Sisemi tumemaliza. Mtaro mkubwa wa barabarani si kazi ya mafagio ya chelewa, unahitaji mashine na wenye dhamana, na barua zetu bado tunazifuatilia. Kuna mitaa ya mabondeni ambako watu wanalowa kila mwaka hata wakiwa wasafi vipi. Na yote yanayotupita sisi yanaishia bahari ile ile tunayokula samaki wake. Hilo ni kubwa kuliko uchochoro mmoja. Lakini uchochoro huu ni wetu, na tutaulizwa kwa huu kwanza.

Bi Mkubwa sasa anakaa barazani kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa, anatusimamia. Anasema tunafagia kwa haraka, pembeni hatufikii. Sanda yake imo ndani ya kasha, safi, na kasha tumelipandisha juu ya matofali.

Kwako bi harusi

Kama unapanga shughuli yako mwaka huu, nakuomba uyatie haya kwenye daftari:

1. Hesabu watu kwa masinia, si kwa viboksi. Kwa watu mia nne, wakikaa watano watano, masinia themanini yanatosha, na chakula kinachobaki ni rahisi kukigawa kwa majirani.

2. Maji weka kwenye madumu yenye bomba au majagi, na magilasi yazidi idadi ya wageni. Sisi tumejifunza kwa taabu.

3. Tenga fedha ya waoshaji na ya kuondoa taka kabla hujatenga ya mapambo. Mjue mapema nani atachukua taka, siku gani, na zinapelekwa wapi. Usiridhike na kuambiwa "zitaondoka."

4. Zawadi za wageni tia kwenye vikapu vidogo vya ukili au kitambaa. Mwanamke wa shamba atapata riziki, na mgeni atatia uzi na sindano humo miaka kumi.

5. Kabla ya siku yako tembea mtaani mpaka nyumba ya mwisho. Mjue anayekaa chini yako, maana maji yako na taka zako zitapita kwake. Na kama kuna mtu anafagia alfajiri, mjue jina, umpelekee sahani ya kwanza ya biriani kabla ya wageni wa heshima.

Mwisho, bandika jina lako popote utakapo, shoga yangu, ndoa ni furaha. Lakini kabla hujabandika, jiulize kitu hicho kitakuwa wapi ikifika masika.

Allah azitie baraka ndoa zetu, amhifadhi Bi Mkubwa wangu na mabibi wote wanaoamka kufagia na hatuwajui, na atujaalie majirani tusioudhi. Amin.

Wabillahi tawfiq, tukutane wiki ijayo kwenye mada ya singo, inshaallah.